Mizunguko 9,000 kwa Dakika: Raha na Gharama Zenye Mzizi Mmoja

Mtu anayefikiria kununua gari la michezo lisilo na paa, lenye injini ya mizunguko mingi, kwa kawaida huletewa orodha mbili. Ya kwanza ni ya raha: upepo, sauti ya injini, usukani unaoitika upesi, gia zinazoingia kwa mguso wa mkono. Ya pili ni ya kero: buti dogo, kelele za barabarani, turubai la paa linalochakaa, petroli ya daraja la juu, fundi wa kutafutwa kwa tochi. Kisha huambiwa azipime aone upande upi umezidi. Upimaji wa namna hiyo unalikosea gari lenyewe, kwa sababu unachukulia kwamba raha na kero ni vitu viwili vilivyokutana kwa bahati, na kwamba mtengenezaji hodari zaidi angeweza kuacha hiki na kubakiza kile. Historia ya magari ya aina hii, hasa yale ya kampuni ya Honda ya Japani kuanzia S500 ya mwaka 1963 hadi S2000 iliyokoma kutengenezwa mwaka 2009, inasema vingine. Raha na kero zake nyingi zilizaliwa na uamuzi mmoja wa kihandisi: kutafuta nguvu kwa wingi wa mizunguko badala ya ukubwa wa injini, na kumwachia dereva kazi ya kuifuata nguvu hiyo huko ilipo. Kila mara kero ilipopunguzwa, sehemu ya raha iliondoka nayo.

Mzizi wa uamuzi huo uko kwenye pikipiki. Soichiro Honda, mtoto wa mhunzi aliyezaliwa mwaka 1906 katika eneo la Hamamatsu, alianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kufunga injini ndogo kwenye baiskeli, akaunda kampuni rasmi mwaka 1948, na mwaka 1959 akapeleka pikipiki zake kwenye mashindano ya Isle of Man. Miaka miwili baadaye, Mike Hailwood alishinda huko madaraja ya cc 125 na cc 250 akiwa juu ya Honda. Mashindano hayo yaligawanywa kwa ujazo wa injini, na kanuni hiyo iliwalazimisha wahandisi kutafuta nguvu mahali pengine. Nguvu ya injini ni zao la mambo mawili: msukumo unaoizungusha krankishafti, na idadi ya mizunguko ya krankishafti hiyo kwa dakika. Msukumo hutegemea sana ujazo wa silinda. Ujazo ukishafungwa na kanuni, kinachobaki wazi ni mizunguko. Honda wakaugawa ujazo uleule katika silinda nyingi ndogo, zenye pistoni nyepesi na vali ndogo, ili kila kimoja kiweze kwenda na kurudi haraka bila kuvunjika. Kufikia mwaka 1966 pikipiki yao ya RC166, ya cc 250, ilikuwa na silinda 6 na ilizunguka takriban mara 18,000 kwa dakika. Gharama yake ilionekana tangu hapo: mizunguko ikishuka, injini kama hiyo hulegea, na ndiyo maana pikipiki hiyo ilipewa gia 7 na ikahitaji mpanda pikipiki asiyechoka kuzibadili.

Kanuni ya ujazo haikuishia kwenye viwanja vya mashindano. Japani ya miaka hiyo ilitoza kodi ya magari kwa kufuata ujazo wa injini na ukubwa wa bodi, na daraja la chini kabisa lenye nafuu lilikomea cc 360. Wakati huohuo wizara iliyosimamia biashara ya nje na viwanda ilikuwa ikiandaa muswada ambao ungezuia kampuni mpya kuingia katika utengenezaji wa magari, ili viwanda vilivyokuwepo vipate nguvu ya kushindana na vile vya Marekani na Ulaya. Honda ilikuwa haijauza gari hata moja. Ilibidi ionyeshe kwamba tayari ni mtengenezaji wa magari kabla mlango haujafungwa, na ujuzi iliokuwa nao ulikuwa wa injini ndogo, nyepesi, zenye kuzunguka sana. Mwezi Juni 1962, kwenye uwanja wa Suzuka uliokuwa bado unajengwa, ilionyesha S360, gari dogo la wazi la viti viwili ambalo halikufika sokoni. Agosti 1963 ikatoa pikapu ya T360, yenye injini ya cc 356, silinda 4, kamshafti mbili juu ya silinda, na nguvu farasi 30 zilizopatikana kwenye mizunguko 8,500. Pikapu hiyo ina uzito katika hoja hii. Gari la kubebea magunia na kreti lilipewa injini yenye tabia ya mashindano kwa sababu ndiyo injini ambayo wahandisi wake walijua kuitengeneza. Anayedai kwamba mizunguko mingi ilianza kama pambo la matajiri ana wajibu wa kuieleza pikapu hiyo kwanza. Muswada wenyewe ulikwama bungeni na kufa, lakini haraka uliyoisababisha ilikuwa imeshaacha alama ya kudumu.

S500 ilifuata Oktoba 1963, kwa bei ya yeni 459,000. Injini yake ya cc 531 ilitoa nguvu farasi 44 kwenye mizunguko 8,000. Mwaka 1964 ikaja S600, yenye cc 606 na nguvu farasi 57 kwenye mizunguko 8,500, na mwaka 1966 S800, yenye cc 791 na nguvu farasi 70. Ili kuona maana ya tarakimu hizo, itazame MG Midget ya Uingereza ya mwaka 1964, gari la wazi lililopendwa sana enzi hizo: ilihitaji cc 1,098 kupata nguvu farasi 59, na ilizipata chini ya mizunguko 6,000. Honda ilikaribia nguvu hiyo kwa injini iliyozidi kidogo nusu ya ujazo huo. Lakini MG ilitumia injini ya ukoo uleule uliosukuma magari ya kawaida ya familia ya Kiingereza, na fundi yeyote wa mtaani aliijua. Injini ya S600 ilikuwa na krankishafti iliyoegemea beringi za sindano, kama ya pikipiki, na kabureta 4, moja kwa kila silinda, ambazo zilipaswa kupatanishwa ili zivute hewa sawasawa. Nguvu ilifika magurudumu ya nyuma kwa cheni mbili zilizofungiwa ndani ya masanduku ya oili, mpango uliofanya sehemu ya nyuma ya gari inyanyuke dereva anapokanyaga mafuta. S800 ilipokuja, cheni hizo ziliachwa mapema na nafasi yake ikachukuliwa na ekseli ya kawaida. Mwenye gari hili alipata sauti na wepesi ambao jirani yake mwenye MG hakuwa nao, na akalipa kwa muda wa gereji ambao jirani huyo hakuhitaji kuulipa. Mkataba wa raha na gharama ulikuwa umeshaandikwa tangu kizazi cha kwanza.

S800 ilikoma mwaka 1970, na kwa karibu miaka 30 Honda haikuwa na gari la wazi la ukoo huo. Kampuni ilijielekeza kwenye magari ya watu wengi, hasa Civic ya mwaka 1972. Nje ya Japani pia magari ya wazi yalififia: nchini Marekani kulikuwa na hofu kwamba sheria za usalama zingeyapiga marufuku, vipimo vya moshi vilizinyonga injini za zamani, na MGB, gari la wazi la Kiingereza lililokuwa na soko kubwa sana, ilifikia mwisho mwaka 1980. Uhai ulirejeshwa na Wajapani wengine, Mazda, walipozindua MX-5 huko Chicago mwaka 1989. Gari hilo jepesi, la bei ya wastani na injini isiyo na makuu, lilithibitisha kwamba wanunuzi walikuwa bado wapo. Ndani ya miaka michache BMW, Porsche na Mercedes-Benz nao walikuwa na magari yao ya wazi ya viti viwili.

Mwaka huohuo wa 1989 Honda ilileta jibu la tatizo lililoisumbua tangu enzi za pikipiki. Ugumu wa injini ya mizunguko mingi uko kwenye vali. Injini ikienda kasi, muda wa kuvuta hewa ni mfupi mno, hivyo vali zinapaswa kufunguka zaidi na kubaki wazi kwa muda mrefu. Vali zilizopangwa hivyo huiharibu injini ikienda polepole: inatetemeka, inakosa nguvu, inakula mafuta ovyo. Zamani mhandisi alichagua upande mmoja na kuvumilia hasara ya upande wa pili. Honda ilijaribu njia ya kupita katikati kwenye pikipiki ya CBR400F ya mwaka 1983, kisha ikaikamilisha kwenye Integra ya mwaka 1989 kwa mfumo ulioitwa VTEC. Kamshafti ilipewa nundu za aina mbili, za upole na za ukali. Mizunguko ikiwa michache vali husukumwa na nundu za upole. Ikipanda, shinikizo la oili husukuma pini inayounganisha mikono ya vali, na tangu hapo vali zote huitii nundu kali. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anazijua herufi VVT-i kwenye injini za Toyota; mfumo huo, ulio jamaa wa VTEC, hubadili wakati wa kufunguka kwa vali, ilhali VTEC ya asili hubadili nundu yenyewe, na ndiyo maana badiliko lake husikika kwa masikio.

Kwa msingi huo ilizaliwa S2000. Mfano wake wa maonyesho, uliopewa jina la SSM, ulionyeshwa Tokyo mwaka 1995, na gari lenyewe likaingia sokoni Aprili 1999, kampuni ikiwa imetimiza nusu karne. Kiongozi wa mradi alikuwa Shigeru Uehara, mhandisi aliyekuwa ameongoza pia utengenezaji wa NSX, gari jingine la michezo la Honda, na magari ya mwanzo yaliundwa katika kiwanda cha Takanezawa, mkoani Tochigi, palipoundwa NSX hiyo. Injini ya cc 1,997 isiyo na turbo ilitoa nguvu farasi 250 kwa soko la Japani, kwenye mizunguko 8,300, na mstari mwekundu uliwekwa kwenye 9,000. Nguvu farasi 125 kwa kila lita ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani kwa injini ya gari la barabarani inayovuta hewa yenyewe. Injini iliwekwa nyuma ya ekseli ya mbele ili uzito ugawanyike nusu kwa nusu, na chini ya sakafu ukapita muundo wa chuma wenye umbo la X, kwa kuwa bodi isiyo na paa hupoteza nguzo muhimu ya uimara wake na lazima ifidiwe kutoka chini. Dashibodi ilikuwa ya kidijitali, na mizunguko ilionyeshwa kwa mstari wa taa uliopinda, kwa mfano wa magari ya Formula 1. Redio ilifichwa nyuma ya kifuniko.

Inafaa kusogea karibu zaidi na kutazama kinachotokea ndani ya injini hiyo inapofika mwisho wa uwezo wake. Kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 150 kwa sekunde moja. Safari yake ni ya milimita 84 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwa hiyo mwendo wake wa wastani ni takriban mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, ingawa inasimama kabisa mara mbili katika kila mzunguko ili igeuke. Kila vali hufunguka na kufungwa mara 75 katika sekunde hiyohiyo, na springi yake lazima iirudishe kabla pistoni haijaifikia. Kuta za silinda zilitengenezwa kwa aluminiamu iliyoimarishwa kwa nyuzinyuzi za kaboni na alumina, ili ziwe nyepesi na zipoze joto upesi. Yote haya yanafanyika katika gari ambalo mtu analiacha kwenye maegesho ya sokoni na kulirudia baada ya saa moja. Ustahimilivu huo wa kila siku, zaidi ya tarakimu za nguvu farasi, ndio ufundi mkubwa wa injini hii, na ndio unaostahili heshima ya kihistoria.

Kutokana na maumbile hayo raha ya umiliki inaelezeka bila kuipamba. Nguvu ipo juu, na dereva lazima aifuate. Karibu na mizunguko 6,000 nundu kali zinashika, sauti inageuka, na inabaki mizunguko 3,000 ambayo injini nyingine nyingi hazijawahi kuifikia. Ili abaki humo, dereva anatumia mkono wake kwenye gia 6 zenye mwendo mfupi, mguu wake kwenye klachi, na sikio lake. Anapaswa kuiona kona mapema na kuchagua gia kabla hajaifika. Ustadi wake una malipo, na uzembe wake unaonekana mara moja. Kukosekana kwa paa kunakamilisha jambo hilohilo. Katika gari lenye paa la bati sauti ya injini huchujwa na bodi. Katika gari la wazi dereva husikia kuvuta kwa hewa, mlio wa eksozi, na mwangwi wa ukuta wa barabara, navyo humwambia injini iko wapi bila yeye kutazama dashibodi. Paa la wazi na mizunguko mingi vilikaa pamoja katika ukoo huu tangu mwaka 1962 kwa sababu vinasaidiana: kimoja kinatoa habari, kingine kinaipeleka kwa dereva.

Sasa zitazamwe kero, na ionekane jinsi zinavyotoka kwenye chanzo kilekile. Msukumo wa juu kabisa wa injini ya soko la Japani ulikuwa nyutoni-mita 218, na ulipatikana kwenye mizunguko 7,500. Hata kama msukumo wote huo ungepatikana kwenye mizunguko 2,500, dereva angekuwa na chini ya theluthi ya nguvu anazozilipia. Kwa kweli hupata pungufu ya hapo. Mjini, kwenye foleni, gari hili la kifahari linaweza kuachwa na gari la kawaida la dizeli. Gia zimepangwa fupi ili kuziba upungufu huo, hivyo hata kwenye gia ya 6, kilomita 100 kwa saa hudai zaidi ya mizunguko 3,000, na safari ndefu huwa ya kelele. Injini inayozunguka sana hutaka petroli ya oktani ya juu na oili inayokaguliwa mara kwa mara. Kuta zile za silinda zenye nyuzinyuzi haziwezi kuchongwa tu na fundi yeyote kama za chuma cha kawaida. Hatari kubwa kuliko zote iko mkononi mwa dereva mwenyewe. Kompyuta inaweza kukata mafuta ili injini isivuke mstari mwekundu, lakini dereva akikosea akaingiza gia ya 2 alipokusudia ya 4, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na hakuna kompyuta inayoweza kuyazuia. Mizunguko huruka kupita kipimo, vishikizo vya springi za vali hupata nyufa, na uharibifu unaweza kujitokeza siku nyingi baadaye, pengine gari likiwa limeshauzwa kwa mtu mwingine. Ongeza paa la turubai, ambalo kwenye matoleo ya mwanzo lilikuwa na dirisha la nyuma la plastiki lililofifia na kupasuka, pamoja na sehemu ya nyuma iliyojulikana kwa kuteleza ghafla kwenye lami yenye maji dereva anapokuwa na pupa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni MX-5 yenyewe. Kama gari la wazi la injini ya kawaida linaweza kuwafurahisha watu wengi, na kufikia mwaka 2016 zaidi ya magari milioni 1 ya MX-5 yalikuwa yametengenezwa ilhali S2000 iliishia kama 110,000, basi mizunguko mingi ni mzigo usio wa lazima. Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake ni kweli: raha ya gari la wazi haihitaji mizunguko 9,000. Lakini linathibitisha hoja zaidi ya linavyoivunja. Mazda ilichagua wepesi na unyenyekevu, ikapata raha ya wepesi, na ikalipa kwa nguvu ndogo. Wamiliki wake kwa miaka mingi walilalamika kwamba injini haina makali, lalamiko linalotoka palepale panapotoka sifa ya gari hilo ya kutosumbua. Kila gari lina mkataba wake. Wingi wa wanunuzi unaonyesha ni mkataba upi ulio rahisi kwa watu wengi kuutia saini, na hauamui ni upi wenye thamani kwa yule anayependa kazi ya kuendesha.

Pingamizi la pili linatoka kwa Honda yenyewe. Kwa soko la Marekani mwaka 2004, na baadaye nchini Japani, kampuni iliongeza mwendo wa pistoni kutoka milimita 84 hadi 90.7, injini ikawa ya cc 2,157, msukumo wa chini ukaongezeka, na mstari mwekundu ukateremshwa. Springi za nyuma zilirekebishwa ili gari lisichomoke kwa urahisi, na baadaye ukaongezwa mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti utelezi. Je, si kukiri kwamba kero zilikuwa makosa ya usanifu? Zilizorekebishwa kuhusu usalama zilistahili kurekebishwa, na gari la barabarani halipaswi kumwadhibu dereva wa kawaida kwa kosa dogo. Kwa injini, hata hivyo, tazama kilichotokea. Pistoni inayosafiri mbali zaidi haiwezi kugeuka mara nyingi kama ile ya kwanza bila kuvuka mipaka ya chuma, na kwa hiyo nguvu ya chini ilinunuliwa kwa mizunguko ya juu. Wahandisi wa kampuni ileile hawakupata namna ya kuongeza kimoja bila kupunguza kingine. Tangu hapo wapenzi wa gari hili wamegawanyika, wengine wakipenda toleo la mwanzo na wengine la pili, na mgawanyiko huo ni wa haki kabisa, kwa sababu kila upande unataja raha halisi na kero halisi.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwamba zama zimelipita gari hili. Turbo za leo hutoa msukumo mkubwa kwenye mizunguko michache, mota ya umeme huutoa wote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na magari ya familia ya leo yanaweza kuiacha S2000 nyuma kwenye taa za barabarani. Kuna pia swali la maadili. Kwenye gia ya 2 peke yake gari hili huvuka kilomita 100 kwa saa kabla ya kufika mstari mwekundu. Sifa yake kuu haiwezi kutumika ipasavyo kwenye barabara ya umma isipokuwa katika gia mbili za chini, na anayeitafuta katika gia ya 3 au ya 4 anahatarisha maisha ya wengine. Kwa upande wa usafiri, pingamizi hili limeshinda. Hakuna sababu ya kumshauri mtu mwenye watoto watatu na safari za kila siku anunue gari la viti viwili lenye buti la mikoba. Kwa upande wa usalama pia limeshinda, na jibu la pekee ni kwamba uwezo wote wa gari hili ni wa viwanja vya mashindano. Kwa upande wa raha halijashinda. Mota ya umeme inatoa nguvu bila kumtaka dereva ajue lolote, na huo ni ubora mkubwa kwa anayetaka kufika. Anayetaka kujifunza jambo kwa mikono yake anahitaji chombo kinachotofautisha ajuaye na asiyejua. Kasi ya bure haiwezi kuchukua nafasi ya kasi iliyofanyiwa kazi.

Uzalishaji wa S2000 ulikoma mwaka 2009, wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umetikisika na Honda yenyewe ilikuwa imetangaza Desemba 2008 kujiondoa kwenye Formula 1. Hakuna mrithi wa moja kwa moja aliyefuata. Tangu hapo magari yaliyobaki yamepanda thamani, na kupanda huko kumeleta kero mpya: wezi huyawinda, na wamiliki wengine huyafungia ndani kama hazina isiyoguswa na mtu. Hili la mwisho linasikitisha, kwa sababu gari lililoundwa ili litumike kwa ustadi hupoteza maana yake linapogeuka akiba ya fedha. Mnunuzi wa leo, popote alipo, angefaidika kuiacha ile mizani ya orodha mbili na kujiuliza maswali yanayotokana na historia hii. Je, yupo karibu naye fundi aliyewahi kuipima mianya ya vali na kuifungua injini ya namna hii? Je, gari analolitaka limekaguliwa vishikizo vya springi za vali? Je, atakuwa tayari kupima oili mara kwa mara, kulitunza turubai, kusubiri injini ipate joto kabla ya kuipandisha, na kwenda mwendo wa adabu barabarani? Anayeziona kazi hizo kuwa sehemu ya kile anachokinunua atapata thamani kamili ya fedha zake. Anayeziona kuwa adhabu atatendewa haki zaidi na gari jingine, na yapo mengi mazuri. Kwa miaka 46, kutoka S500 hadi S2000 ya mwisho, Honda ilimwomba dereva mchango wake na kumlipa kwa kadiri alivyotoa, na magari yanayomheshimu mwendeshaji kiasi hicho yanastahili kutunzwa, kuelezwa na kuendeshwa.